Gari Linapokwama Njiani: Bima Yako Inalipa Nini?

Wenye magari wengi huamini kwamba mtu akishakata bima kubwa, gari lake likizima popote atapiga simu na kampuni ya bima italeta gari la kulivuta. Imani hiyo ni kweli kwa nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowatia watu hasara. Makala haya yanaeleza tofauti kati ya kuvutwa kwa gari baada ya ajali na msaada wa barabarani gari linapoharibika. Mfano wetu ni Wilaya ya Mafia, mkoani Pwani, ambako bahari humlazimu mwenye gari kuuliza jambo moja zaidi kabla ya kulipa ada ya bima.

Bima ndogo na bima kubwa

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inataka chombo cha moto kinachotumika barabarani kiwe na bima ya kumkinga mtu wa tatu. Hii ndiyo iliyozoeleka kwa jina la bima ndogo. Hulipa madhara ambayo chombo chako kimemsababishia mtu mwingine. Haitengenezi gari lako, na haigharamii kulivuta, hata kama ajali haikuwa kosa lako.

Bima kubwa huongeza kinga ya gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi. Ndani ya hati nyingi za bima kubwa mna kifungu kinachoeleza kwamba gari likishindwa kutembea kwa sababu ya hasara iliyokingwa, kampuni italipa gharama za kuridhisha za kulilinda na kulifikisha kwa fundi aliye karibu. Kifungu hiki kina masharti matatu: hasara iwe ile iliyokingwa, gharama ziwe za kuridhisha, na fundi awe wa karibu. Mara nyingi hati hutaja pia kiwango cha juu cha fedha ambacho kampuni haitakivuka.

Ajali si sawa na kuharibika

Tuchukue mfano wa magari mawili yaliyokatiwa bima kubwa ya aina moja. Yote yametoka Kilindoni asubuhi kuelekea Bweni, kaskazini mwa kisiwa. La kwanza limeteleza kwenye tope la masika karibu na Kirongwe, likagonga mnazi na kuvunja ekseli. La pili limezima hapo hapo kwa sababu giaboksi imekufa. Magari yote mawili hayatembei, na yote yanahitaji kuvutwa hadi Kilindoni.

Mwenye gari la kwanza anaweza kudai gharama za kuvutwa, kwa kuwa ajali ni hasara iliyokingwa. Ikiwa, kwa mfano, hati yake imeweka kikomo cha shilingi 150,000 na mvutaji ametoza shilingi 250,000, shilingi 100,000 zitatoka mfukoni mwake. Mwenye gari la pili hatapata chochote kwa kifungu hicho. Hati za bima kubwa kwa kawaida huondoa uchakavu, kuharibika kwa mitambo na hitilafu za umeme. Tairi iliyopasuka peke yake, bila gari kuumia kwingine, nayo kwa kawaida huondolewa.

Yupo na dereva wa tatu, ambaye gari lake ni zima lakini limezama mchangani. Hakuna kilichovunjika, hivyo hakuna hasara ya kudai. Watu watakaomsaidia kulisukuma atawalipa mwenyewe.

Msaada wa barabarani ni huduma ya nyongeza

Pengo hilo ndilo linalozibwa na msaada wa barabarani. Baadhi ya kampuni huutoa kama nyongeza ya bima kubwa, na wakati mwingine huuzwa peke yake. Kwa kawaida hujumuisha kuvuta gari lililoharibika, kubusti betri, kubadilisha tairi kwa kutumia tairi yako ya akiba, kukufikishia mafuta kidogo na kufungua gari funguo zikisahauliwa ndani.

Tambua kwamba kinacholipiwa ni msaada, si matengenezo. Vipuri, mafuta yenyewe na kazi ya gereji hubaki juu ya mwenye gari. Huduma pia huwa na mipaka: idadi ya miito kwa mwaka, umbali wa kuvuta, uzito wa gari na maeneo inakofika. Wenye pikipiki na bajaji wasidhani kwamba huduma iliyobuniwa kwa magari inawahusu na wao.

Swali la bahari

Huduma inayopatikana haraka Dar es Salaam inaweza isiwe na gari wala fundi upande wa pili wa mlango bahari wa Mafia. Muuzaji akikuambia kwamba huduma ni ya nchi nzima, muulize ni nani atakayekuja Baleni au Utende, na atatokea wapi.

Pili, fikiria gari ambalo haliwezi kutengenezwa kisiwani. Litavutwa hadi Kilindoni, livushwe bahari hadi Nyamisati, wilayani Kibiti, kisha lichukuliwe tena kwa barabara. Hati iliyoahidi kulifikisha gari kwa fundi wa karibu inaweza kuishia Kilindoni. Zaidi ya hayo, hati nyingi za bima ya magari hukinga gari linaposafirishwa kwa barabara au reli, lakini si linapovushwa baharini, isipokuwa kinga hiyo imeongezwa. Anayevusha gari lake, zima au bovu, aulize kabla halijapakiwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Je, hati inalipa kuvuta gari baada ya ajali tu, au hata linapoharibika lenyewe?
2. Kikomo ni shilingi ngapi, kilomita ngapi na mara ngapi kwa mwaka?
3. Je, huduma inafika Mafia, na nani huitoa hapa?
4. Kama mtoa huduma hayupo, naruhusiwa kutafuta mvutaji wangu na kurejeshewa fedha? Kwa nyaraka zipi?
5. Je, gari linakingwa linapovuka bahari, na nauli ya kulivusha analipa nani?

Majibu yawe kwa maandishi, ndani ya hati au kwenye kiambatisho chake. Ahadi ya mdomo ya wakala ni vigumu kuithibitisha siku ya madai. Baada ya kulipa, hakiki stika yako katika mfumo wa TIRAMIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kisha hifadhi namba ya simu ya madai mahali utakapoiona hata usiku.

Tatizo linapotokea

Weka pembetatu za tahadhari na uwaondoe abiria barabarani. Ikiwa ni ajali, toa taarifa polisi kwanza. Ripoti yao itahitajika katika madai. Piga picha za gari na mahali lilipo. Piga simu kwa kampuni kabla ya kukubaliana bei na mvutaji, kwa sababu gharama isiyoidhinishwa inaweza kukataliwa. Mtandao ukikosekana, andika saa uliyojaribu kupiga, na utoe taarifa mara upatapo mawasiliano. Dai risiti yenye tarehe, namba ya gari, mahali lilikotolewa na lilikofikishwa. Usiliache gari bila mlinzi, kwani hati humtaka mkata bima achukue hatua za kuzuia hasara kuongezeka.

Madai yakikataliwa

Omba sababu kwa maandishi, pamoja na kifungu kilichotumika. Kisome kifungu hicho pamoja na mtu unayemwamini. Usiporidhika, lalamika kwa maandishi kwa uongozi wa kampuni. Ukiendelea kutoridhika, peleka lalamiko lako kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ambatisha nakala ya hati, risiti, picha na barua zote, na nyaraka halisi ubaki nazo.

Si kila mwenye gari anahitaji nyongeza ya msaada wa barabarani. Ambaye safari zake ni za Kilindoni na jirani, na anafahamiana na fundi wake, huenda akaona ni nafuu kujiwekea akiba. Anayesafirisha mazao au abiria hadi kaskazini, au anayevuka mara kwa mara kwenda bara, ana sababu nzuri ya kuinunua, mradi awe na maandishi yanayoonyesha kwamba inamfikia alipo.