Kuku wakihara kijani, tetra haisaidii

Mwezi huu tuongee habari ya kuku, maana kiangazi ndipo mdondo unapenda kupita, na kwa nyumba nyingi hapa kambini kuku ndiyo sabuni, ndiyo daftari la mtoto.

Mwaka 2022 mama yangu alikuwa na kuku 11. Nikamletea jogoo wa bei rahisi kutoka sokoni. Baada ya siku chache jogoo akaanza kuzubaa, manyoya yamesimama, anahara majimaji ya kijani. Mimi, mwalimu mzima, nikafungua kapsuli za tetra ambazo mdogo wangu alipewa kliniki, nikazitia kwenye maji ya kuku. Wapi! Shingo zikapinda, wengine wakawa wanazunguka kama walevi. Akabaki tetea mmoja tu. Na mdogo wangu dawa yake ikawa imekwisha.

Ndipo bwana mifugo akanieleza: mdondo (wengine wanaita kideri, Wanyarwanda wanasema umuraramo) unaletwa na virusi, hauna dawa ya kuuponya. Kuna chanjo tu. Ile ya I-2 ni tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, mkubwa na kifaranga, kisha unarudia kila baada ya miezi 3. Inachukua kama wiki mbili ndipo imkinge kuku vizuri, kwa hiyo usingoje mpaka kwa jirani waanze kufa. Chupa moja inatosha kuku wengi. Changeni nyumba kadhaa, mchanje siku moja.

Kuku akiugua, mtenge. Akifa, mchome au mzike shimo refu. Najua inauma kuzika nyama wakati mgao haujafika! Lakini manyoya na matumbo yakitupwa nje yanapeleka ugonjwa nyumba ya pili. Na kumkimbiza sokoni kuku anayezubaa, jamani, tusifanyiane hivyo. Mimi nilimnunua huyo.

Ila si kila kuhara ni mdondo. Vifaranga wa wiki 3 hadi 8 wakihara damu, mara nyingi ni koksidia, na hiyo ina dawa: amprolium ya duka la mifugo, kwenye maji ya kunywa, kwa kipimo kilichoandikwa. Banda likae kavu. Ndui nayo ni vipele vigumu kwenye kilemba na kuzunguka macho, mbu ndio wanaieneza. Osha macho kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo ili kuku aone chakula, wengi hupona.

Saa hizi mama ana kuku 6. Tarehe ya chanjo nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango.