Mtoto wa Kelele na Mtoto wa Kimya

Mama, umewatuma watoto wako wawili kwenye duka la kona. Umesema: "Mulete chumvi, mafuta na sabuni." Mvulana hangoji neno la mwisho, ametoka mbio, ndoo ya maji imemwagika. Anarudi na chumvi peke yake, goti linatoka damu, na jirani anamfuata nyuma akilalamika. Msichana yeye ameitikia vizuri: "Ndiyo, mama." Anakwenda polepole. Nusu saa inapita. Unamkuta njiani amesimama mbele ya fundi wa baiskeli, anatazama gurudumu linavyozunguka. Pesa iko mkononi, lakini hakumbuki tena ulimtuma nini.

Mvulana utampiga. Msichana utasema ni mvivu. Lakini inawezekana hawa wawili wana shida moja.

Ikitokea mara moja moja, ni utoto tu, usihangaike. Tunazungumza juu ya mtoto ambaye yuko hivi kila siku, nyumbani na masomoni, kupita wenzake wa umri wake, mpaka kazi yake inaharibika.

Waganga wanaandika shida hii kwa Kifaransa TDAH. Maana yake, uangalifu wa mtoto hauwezi kukaa pahali pamoja kwa muda unaohitajika, ao mtoto hawezi kujizuia. Si upumbavu. Wengi wao wana akili nzuri. Inatoka katika namna ubongo unavyofanya kazi, na mara nyingi inapita katika jamaa: ukiuliza vizuri, utasikia baba yake ao mjomba wake alikuwa vile vile. Wewe mama hukuileta kwa kumlea vibaya.

Wala si ugonjwa wa Wazungu peke yao, wala si jambo la siku hizi. Katika miaka ya 1840 munganga mmoja wa Ujerumani, Heinrich Hoffmann, alitunga kitabu cha watoto. Ndani yake iko mtoto anayeyumba-yumba kwenye meza mpaka anavuta kitambaa na chakula chote kinaanguka. Na iko mwingine anayetembea akitazama juu mpaka anatumbukia mtoni. Ni wale watoto wako wawili wa duka! Na hapa kwetu Kongo, mwaka 2005 watafiti walitangaza kazi waliyofanya Kinshasa. Waliwauliza walimu juu ya watoto wa shule zaidi ya 1,000, wakaona dalili hizi kwa karibu watoto 6 katika kila 100. Wewe hesabu kalasi ya mtoto wako.

Sasa tuwatofautishe.

Mtoto wa kelele unamjua bila kufundishwa. Mikono na miguu haitulii. Anasimama wakati wenzake wameketi. Anapanda miti, anapanda ukuta wa lupango, kama vile ndani yake iko motere isiyozimika. Anajibu kabla mwalimu hajamaliza swali, anaingilia maneno ya wakubwa, hawezi kungoja zamu yake kwenye bomba la maji. Mara nyingi mama anayaona haya mapema, hata kabla mtoto hajaanza masomo. Akikua, kuruka-ruka kunapungua, lakini ndani anabaki bila utulivu.

Mtoto wa kimya ndiye tunayetaka kumzungumzia zaidi, kwa sababu huyu anapotea mbele ya macho yetu. Hasumbui mtu. Ameketi nyuma ya kalasi, anatazama dirisha. Unamwita, hasikii, ingawa masikio yake ni mazima. Anaanza kazi na kuiacha katikati: sahani tatu zimeoshwa, nne bado. Anapoteza biki, kaye, kiatu kimoja. Katika hesabu anajua namna ya kufanya, lakini anaruka alama, anasoma kujumlisha pahali pa kutoa. Kazi ndefu anaikimbia. Ulichomwambia asubuhi, mchana kimekwisha kutoka. Mwalimu anaandika kwenye buletini: "Anaweza kufanya vizuri zaidi." Mwaka unaofuata anaandika vile vile. Mwaka wa tatu mtoto anarudia kalasi.

Tangu Serikali ilipoondoa malipo katika shule za msingi za umma mwaka 2019, watoto wameingia wengi, na hilo ni jambo jema. Lakini mwalimu mwenye kalasi iliyojaa atamwona yule anayeruka juu ya benchi. Yule anayeota ndoto pale nyuma atamwona saa ngapi?

Wavulana wanaletwa hospitalini kwa shida hii kupita wasichana. Si kwamba wasichana hawana. Kwao mara nyingi inakuja kwa sura ya kimya, na tena msichana mnyamavu tunamsifu kuwa ana adabu. Mpaka mwaka 1980 hata waganga walikuwa wanatazama zaidi kelele. Mwaka huo kitabu kikubwa cha waganga wa akili wa Marekani kiliandika wazi kwamba mtu anaweza kukosa uangalifu bila kuruka-ruka. Tangu 1994 wanahesabu sura tatu: ya kukosa uangalifu, ya kutotulia, na ile inayochanganya zote mbili. Kwa hiyo usishangae mtoto wako akiwa na kidogo ya huku na kidogo ya kule.

Lakini, mama, ngoja kwanza. Usitoke hapa ukisema: "Mutoto yangu iko na ile ugonjwa." Kuna mambo mengine yanayofanana nayo, na mengine yana dawa ya haraka.

Masikio: mtoto aliyetoka usaha masikioni anaweza kuwa hasikii vizuri. Simama nyuma yake, umwite kwa sauti ndogo. Macho: anakaribia sana ubao ao kitabu? Damu kidogo, minyoo, njaa, usingizi usiotosha: mtoto aliyelala saa sita ya usiku na kuamka saa kumi na moja ili afike masomoni kwa miguu, atatazama dirisha kama kawaida.

Tena iko kifafa cha kimya. Huyu haanguki wala hatoi povu. Anasimama ghafla katikati ya neno, macho yanabaki pahali pamoja, pengine kope zinacheza, sekunde chache, halafu anaendelea bila kujua kitu. Inaweza kurudia mara nyingi kwa siku. Ukimgusa bega mtoto anayeota tu, anarudi kwako. Mwenye kifafa hiki harudi mpaka kipite. Ukiona hivyo, mlete upesi. Dawa zake ziko.

Malaria nayo usiisahau. Kule Kampala, Uganda, waganga waliwafuata watoto waliopona malaria ya ubongo. Kazi yao ilitangazwa mwaka 2008. Baada ya miaka miwili, karibu mtoto 1 katika kila 4 alikuwa bado na upungufu katika kazi ya akili, na uangalifu ndio ulioguswa zaidi. Kama mtoto wako aliwahi kupoteza fahamu kwa malaria, utuambie, hata kama ni zamani.

Na sisi wa Lubumbashi tunaishi juu ya madini. Risasi, ile inayoitwa plomb kwa Kifaransa, ikiingia katika damu ya mtoto inaharibu uangalifu wake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana madini mengi katika mkojo, na watoto walipita wakubwa kwa mengine ya madini hayo. Basi usimwache mtoto acheze kwenye vumbi la kiwanda ao la mawe ya mgodi. Anawe mikono kabla ya kula bukari. Baba akitoka mgodini, abadilishe nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Sasa jambo linalotuumiza. Mtoto asiyetulia, ao anayetazama pahali pasipo na kitu, majirani wanaanza kunong'ona: "Huyu iko muloji." Wengine wanampeleka kufungishwa njaa na kupigwa. Mama, usikubali. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inamwadhibu mtu anayemsingizia mtoto uchawi. Na fimbo haiponyeshi uangalifu. Inamfundisha mtoto kuogopa, na mwenye woga anasahau zaidi.

Nyumbani fanya hivi. Mkaribie, mshike bega, akutazame, umpe neno moja. Akimaliza, mpe la pili. "Lete chumvi" peke yake. Kaye na biki ziwe na pahali pao pamoja, kila siku pale pale. Kazi ya masomo aifanye vipande vidogo, mbali na redio na mlango. Akifanya vizuri, msifu papo hapo, usingoje jioni. Yule wa kelele mpe kazi ya kutembea: achote maji, apepee mbabula. Zungumza na mwalimu: wa kimya aketi mbele, wa kelele apewe kufuta ubao.

Dawa ziko, kama methylphenidate, lakini ni munganga peke yake anayeziandika baada ya kumpima mtoto, na kwa kawaida si kwa mtoto mdogo wa chini ya miaka 6. Usinunue vidonge vya sokoni ili mtoto "atulie". Hapa Lubumbashi wako waganga wa akili katika kituo cha Joseph Guislain cha Mafrère wa Upendo. Wanapokea watu wenye kifafa na shida za akili, na kufika kule si aibu.

Munganga atakuuliza: ilianza lini, maana dalili zinapaswa kuonekana kabla ya miaka 12, zimedumu zaidi ya miezi 6, ziko nyumbani na masomoni pia, ao pahali pamoja tu. Kwa hiyo usije mikono mitupu. Lete karatasi yake ya kupima kilo, buletini za miaka miwili, na kaye yake moja jinsi ilivyo, hata kama imechafuka. Usiipanguse.