Mtu wa Mlangoni Usiku wa Usajili

Muhula uliopita shoga yangu alikosa kusajili mazoezi ya kufundisha. Dirisha lilikuwa linafungwa saa sita usiku. Tangu saa mbili tulikuwa barazani kwetu Ng'ambo, watu wanne, bando la mmoja tumelirusha kwa wote. Ukurasa unafunguka vizuri, unaingiza namba yako, unachagua somo, ukibonyeza "tuma" unarudishwa mwanzo: ingia upya. Unaingia, unatolewa. Saa sita ikapita hajamaliza, na mazoezi yake yakasogezwa mwaka mzima. Sote tulisema mtandao mbovu. Lakini WhatsApp ilikuwa inapiga simu za video bila tabu, kwa hiyo mtandao tuliusingizia tu.

Nikamfuata mwenzetu anayesoma kompyuta. Akanieleza habari ya mgawa mzigo, nami, mwalimu mtarajiwa, siwezi kujizuia kuitafutia mfano.

Chukueni harusi ya mtaani kwetu. Pilau imeshapakuliwa kwenye masinia, wageni wanaingia kwa makundi. Kama hapana mtu mlangoni, kila mgeni anakimbilia sinia la karibu: hilo linagombaniwa na watu kumi, ya ndani yanapoa. Ndo anawekwa mama mmoja: "Nyinyi wanne kule, nyinyi njooni hapa." Seva, yaani kompyuta zinazotujibu, ndizo masinia, na mgawa mzigo ndiye yule mama. Mgeni anajua mlango mmoja tu. Mama anaweza kugawa kwa zamu, au akaangalia wapi watu ni wachache. Tena kila baada ya sekunde kadhaa anazibishia hodi seva zake. Isiyoitikia hapeleki mtu.

Zamani mgawa mzigo lilikuwa boksi kwenye chumba cha seva, na kulirekebisha ni kazi ya fundi. Siku hizi linakodiwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za watu wengine unazozitumia kupitia intaneti. Amazon walianza kukodisha huduma hii 2009. OpenStack, programu huria iliyoanzishwa 2010 na NASA pamoja na Rackspace, ina ya kwake inayoitwa Octavia. Na unaiamrisha kwa API, mlango ambao programu moja inazungumza na nyingine kwa ujumbe wa maandishi, bila mtu kukaa anabonyeza. Ukituma GET unauliza hali, POST unaongeza seva, PUT unabadilisha, DELETE unafuta. Kila ujumbe unakwenda na ufunguo wa siri. (Kuna watu wanaubandika ufunguo huo GitHub, hadharani. Jamani!)

Basi hapo mtu anaandika programu ndogo inayokesha kwa niaba yake. Usiku wa usajili ikiona seva zimelemewa, yenyewe inakodi mbili zaidi, inatuma POST mbili, na wageni wanaanza kupelekwa huko. Asubuhi inaziondoa ili chuo kisilipie masinia matupu. Ila kuondoa nako kuna adabu yake. Octavia huipa kila seva uzito, kuanzia 0 hadi 256. Uzito ukiwa 0, seva haipokei wageni wapya, lakini walioanza kula wanaachwa wamalize. Ukiifuta ghafla unamnyanyua mtu na tonge mkononi.

Mwenzangu alinionesha pia mtego mmoja. Mgawa mzigo akipewa amri husema "nimepokea" kabla hajamaliza kuitekeleza. Ukimtupia ya pili papo hapo anakujibu 409, kwa maana kwamba bado ana kazi ya kwanza mikononi. Programu iliyoandikwa kwa pupa hailisomi jibu hilo. Inadhani seva mbili zimeingia, kumbe imeingia moja.

Sasa turudi barazani. Seva iliyokupokea inakumbuka kwamba umeshaingia. Kama kumbukumbu hiyo iko kwake peke yake, na ombi lako la pili likapelekwa kwa seva nyingine, hiyo haikujui: ingia upya. Ndiyo dalili ileile tuliyoiona sisi. Unaweza kumwamrisha mgawa mzigo, kwa hiyo hiyo API, amrudishe kila mtu kwenye sinia lake. Anaweza kumtambua kwa kuki iliyowekwa kwenye simu yake, au kwa anwani ya intaneti anakotokea. Hii ya anwani kwetu ina balaa. Sisi wanne wa bando moja tunaonekana mtu mmoja, na kampuni za simu huweka wateja wengi mno nyuma ya anwani chache. Wote hao wanasukumwa sinia moja, na tumerudi kulekule kwenye kugombania. Lililo bora ni kumbukumbu kuwekwa pembeni, mahali ambapo seva zote zinasoma. Hiyo ni kazi ya aliyeandika mfumo wenyewe. Hata ukodi seva mia haitajifanya.

Linganisha na siku ya matokeo ya kidato cha nne. NECTA wakiyatoa, Bara na Visiwani wanafungua kwa pamoja, lakini kila mtu anasoma tu. Seva yoyote inatoa ukurasa uleule, haina haja ya kumkumbuka mtu. Kusajili ni kuandika, na kuandika kunataka ujulikane wewe ni nani mpaka mwisho.

Shoga yangu keshaanza kuulizia tarehe za usajili. Safari hii anasema ataingia alfajiri, siku ya kwanza, kwa bando lake mwenyewe.