Miguu ya Askari wa Mogadishu

Sogeeni karibu, wajukuu wangu. Sungura apumzike leo. Nawasimulia habari ya askari, na wengine wao ni jirani zetu wa Burundi, watu ambao Mha wa hapa Rungwe Mpya akiwasalimia kwa Kiha wanamwitikia bila mkalimani.

Mwaka 2009 askari wa Burundi na Uganda walikuwa Mogadishu, Somalia, wakilinda amani chini ya Umoja wa Afrika. Mwezi wa nne, miguu ya baadhi yao ikaanza kuvimba. Vijana wenye misuli wakawa wanatweta kwa hatua chache tu. Wengine wakapelekwa kwa ndege hospitalini, Nairobi na Kampala. Ulipofika mwezi wa tano mwaka uliofuata, waliougua walikuwa 241. Wanne walifariki.

Haikuwa risasi. Ilikuwa beriberi: miili yao iliishiwa thiamini, ile vitamini B1. Walipopewa thiamini, wagonjwa wakapata nafuu.

Mnauliza, kitu kidogo hivyo kinamwangushaje askari? Ugali na wali havigeuki nguvu mwilini bila thiamini. Na mwili hauna ghala kubwa ya kuitunza. Akiba yake ni ya wiki mbili tatu hivi. Ikiisha, vinavyoumia mapema ni mishipa ya fahamu na moyo, kwa kuwa kazi yao haina likizo. Ndiyo maana mtu anaweza kushiba kila siku na bado akaugua, kama sahani yake ni wali mweupe au ugali wa muhogo mtupu. Thiamini imo kwenye maharage, karanga na unga wa dona. Ukikoboa nafaka mpaka iwe nyeupe pee, nyingi inaondoka na pumba.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ugonjwa huu huanza kimyakimya. Mtu anakosa hamu ya kula, anachoka bila kazi. Nyayo zinakufa ganzi au zinawaka moto. Ukibonyeza shavu la mguu, anaguna kwa maumivu. Mwambie achuchumae kisha ainuke bila kushika kitu. Akishindwa, msilichukulie kuwa ni uvivu. Mwingine miguu inavimba, ukibonyeza kwa kidole kibonyo kinabaki, na moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Mwingine, hasa mnywaji wa pombe kupindukia, anayumba hata siku ambayo hajanywa, macho yanamchezacheza, na maneno yake hayana mpangilio.

Anayenihuzunisha zaidi ni mtoto anayenyonya. Mama akiishiwa, maziwa yake nayo yanapungukiwa. Mtoto anakataa titi, anatapika, anapumua kwa shida, na akilia mdomo unafunguka lakini sauti imekauka au haitoki kabisa. Mkimwona mdogo wenu hivyo, msingoje baba arudi kutoka shamba; mkimbizeni zahanati. Moyo wake unaweza kusimama ndani ya saa chache, ilhali sindano ya thiamini ikiwahi humrudisha haraka.

Miguu kuvimba kuna sababu nyingine pia, figo kwa mfano, kwa hiyo msiupe ugonjwa jina nyinyi wenyewe; mpelekeni mgonjwa zahanati. Mkifika, mwelezeni mganga uvimbe ulianza lini, kisha mwambieni bila aibu nyumbani mmekula nini mwezi huu, hata kama ni ugali wa muhogo na chumvi.