Kutu na Sakafu ya Motokaa ya Zamani

Katika maongezi haya twataka kueleza jinsi ya kutengeneza sakafu ya motokaa iliyoliwa na kutu. Tumechagua Volkswagen ile yenye mgongo wa mviringo kama wa dundu, maana yajulikana sana katika nchi zetu. Ndiyo iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki mwaka 1962. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka Meksiko mwaka 2003. Basi kila moja iliyobaki ni ya zamani, na aipendaye hana budi kuitunza.

Katika motokaa hii sakafu si kifuniko tu. Ni mifupa yenyewe. Katikati hupita boriti ya chuma yenye uwazi ndani, mfano wa uti wa mgongo, na kuume na kushoto kwake yameungwa mabati mawili mapana. Viti vimeshikwa hapo, na bodi imefungwa kwa bolti kandokando yake. Bati likioza, kiti chaweza kung'oka siku ya ajali, naye aliyekikalia akaangamia.

Kutu yatoka wapi? Chuma kikikutana na maji na hewa hugeuka kutu, na chumvi huihimiza. Ndiyo sababu motokaa ikaayo karibu na bahari huoza upesi. Maji ya mvua hupenya penye mipira ya milango na madirisha iliyochakaa, yakatuama chini ya zulia. Tena yuko adui wa pili: betri imewekwa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kuume, na tindikali yake ikimwagika hula bati.

Kazi huanza kwa kuondoa betri, viti na zulia. Kisha tugonge bati lote kwa nyundo ndogo. Chuma kizima hulia; kilichooza hutoa sauti nzito, na pengine nyundo hupenya. Tusidanganywe na lami iliyopakwa juu, kwani huenda chini yake mna tundu.

Wako wapachikao kiraka juu ya kutu. Kazi hiyo ni bure. Kutu iliyofunikwa haifi. Huendelea kula gizani, na chuma kilichooza hakishiki kiraka. Yatupasa kukata mpaka tufikie chuma safi kinachong'aa, hata kama tundu litakuwa kubwa kuliko tulivyotazamia.

Tuanze upande mmoja, tuumalize, ndipo tuguse wa pili, ili motokaa isipinde. Bati jipya liwe la chuma, lenye unene sawa na lile la kwanza. Mabati ya kuezekea nyumba hayafai: ni membamba, na zinki iliyo juu yake ikichomwa hutoa moshi uletao homa.

Sasa twafika penye hatari. Bomba la petroli limepita ndani ya ile boriti ya katikati, na tangi liko mbele. Kabla ya kuchomelea, petroli yote na tangi viondolewe, na bomba lisafishwe lisibaki hata mvuke wake. Mchanga uwe karibu, na mtu mmoja asimame kulinda moto. Mchomeleaji avae kinga ya macho.

Tusichomelee mstari mrefu kwa mara moja, maana joto hupinda bati. Tuchome nukta hapa, kisha nyingine mbali nayo, tuache lipoe, mpaka nukta zikutane. Baadaye tusugue kwa brashi ya waya, tuzibe maungio yasipitishe maji, na tupake rangi ya kuzuia kutu juu na chini.

Lakini kazi haijaisha. Mipira ya milango isipobadilishwa, bati jipya litakwenda njia ya lile la kwanza. Betri nayo ifungwe imara na kufunikwa, kwani springi za kiti zikigusa vichwa vyake huweza kuwasha moto. Na kila baada ya masika tuinue zulia tupapase chini yake kwa mkono. Pakiwa na unyevu, tukaushe na kutafuta maji yalikopita siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.