Hakuna Vita Ndani ya "The Washington Post"

Sikukuu ya kitaifa ikikaribia, bendi za vijana hapa Eldoret hutoa tarumbeta zao stoo na kuanza kuupiga tena wimbo wa "The Washington Post". Na mimi naanza tena kuulizwa: mwalimu, huu ulitungwa kwa ajili ya vita gani? Safari hii aliyeuliza ni mwalimu mwenzangu wa muziki, mtu mwenye cheti ukutani. Basi najibu hapa, na atakayerudia swali nitamkabidhi ukurasa huu.

Hakuna vita. Wala haumhusu rais George Washington. Ulitungwa kwa ajili ya watoto walioandika insha nzuri. Mwaka 1889 gazeti la The Washington Post, likiwa na umri wa miaka 12 tu, liliandaa shindano la insha kwa wanafunzi. Wenye gazeti, Frank Hatton na Beriah Wilkins, walitaka siku ya zawadi ichangamke, wakamwomba John Philip Sousa awatungie kitu. Tarehe 15 Juni, kwenye viwanja vya taasisi ya Smithsonian mjini Washington, watoto wakapewa zawadi zao na wimbo ukapigwa. Yaani lilikuwa tangazo la gazeti.

Najua uvumi wa vita unatoka wapi. Sousa aliongoza bendi ya kikosi cha Marine cha Marekani kuanzia 1880 hadi 1892, na picha zake nyingi zinamwonyesha akiwa na sare na nishani kifuani. Sisi wa Eldoret tuna sababu yetu ya ziada: makuruti wa jeshi hufuzu hapa hapa, Kambi ya Moi, na mtu aliyekua akisikia tarumbeta na buti kwa pamoja hawezi tena kuvitenganisha. Lakini sare ya mtunzi haituambii wimbo ni wa nini. Askari akiimba harusini, harusi haigeuki kambi.

Ushahidi umo kwenye noti zenyewe, kwa anayejali kuzisoma. Kila kipimo kina mapigo mawili, na kila pigo limegawanyika mara tatu. Mwendo huo unabembea. Una undugu zaidi na chakacha kuliko na kwata. Ndiyo maana miaka ya 1890 wimbo ulihamia kwenye kumbi za dansi. Ulienda sambamba na dansi mpya ya hatua mbili, hadi sehemu fulani za Ulaya dansi yenyewe ikaitwa "Washington Post". Waliokuwa wakiucheza walivaa magauni na makoti ya jioni, hawakubeba bunduki.

Kama Marekani ni mbali, shukeni Pwani. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, vijana wa Lamu na Mombasa walikuwa wamekwisha kuchukua tarumbeta, ngoma kubwa na sare za Wazungu wakazifanya beni, ngoma ya mashindano. Makundi hasimu ya beni, Kingi na Skochi, yaliandamana mitaani kushindana kwa madaha, mavazi na tungo za kejeli. Hadi leo beni husindikiza harusi za Waswahili, na sijasikia bibi harusi akiuliza ni ya vita gani.

Uvumi huu wa vita ungekuwa porojo tu ningenyamaza, ila unaharibu muziki. Mkufunzi akishaamini kwamba ni wimbo wa vita, humwambia mpiga ngoma kubwa atwange. Nimemwona kijana akitwanga mapigo sita katika kila kipimo, matoazi yakimfuata, na klarineti nyuma yake midomo inakwenda lakini sauti haisikiki. Tiba wanayoniletea wakufunzi ni mbaya kuliko ugonjwa: kuugeuza wimbo uwe wa mapigo manne "ili watu waweze kutembea nao". Wanatembea nao vizuri tu! Pigo la kwanza kushoto, la pili kulia.

Kando kidogo, kwa watunzi wetu: Sousa aliuuza wimbo huu kwa mchapishaji Harry Coleman wa Philadelphia kwa dola 35. Aliyetajirika ni Coleman. Someni mikataba.

Haya, mnaotaka kuupiga sawasawa, haraka haraka. Sousa alifariki mwaka 1932, hakimiliki imekwisha, kwa hiyo msimlipe anayewauzia fotokopi. Bendi ya Marine yenyewe imeweka noti za vyombo vyote bure kwenye tovuti yake. Kasi, hatua 120 hivi kwa dakika. Ngoma kubwa, mapigo mawili kwa kipimo, basi. Hamna klarineti? Korneti zibebe sauti ya juu. Hamna tuba? Eufonia ishike besi. Wanaoanza waimbe kwanza huku wakitembea, vyombo baadaye. Mkikwama, waulizeni wapulizaji wa Jeshi la Wokovu. Na kwenye ratiba ya sherehe andikeni Sousa, 1889. Mkiandika "wimbo wa jeshi" msiniite kuwa jaji.