Migahawa ya vyakula vya kigeni Moshi: Mgeni njoo, mkulima apone

MTU aliyeteremka kutoka kilele cha Mlima Kilimanjaro hana mzaha na chakula. Amekaa siku tano hadi saba akila vyakula vya kambini, amepanda hadi mita 5,895 na kurudi, na jioni yake ya kwanza mjini Moshi, baada ya kuoga, anachotaka ni sahani iliyojaa. Akitoka katika nyumba ya kulala wageni mtaani Soweto, swali lake kwa kijana wa bodaboda huwa moja tu: "Kaka, hapa mjini wapi wanapika vizuri?"

Swali hilo linaonekana dogo, lakini ndani yake mna biashara kubwa. Jibu la kijana yule ndilo linaloamua fedha ya mgeni itaingia jiko lipi. Na ikishaingia jikoni, kuna swali la pili ambalo watu wachache hujiuliza: je, fedha hiyo itapanda hadi kwa mama mwenye shamba la nyanya na ng'ombe wawili huko mlimani, au itaondoka kwenda kulipia makopo na pakiti zilizotoka nje ya nchi?

Moshi si Dar es Salaam wala Nairobi. Kwa sensa ya mwaka 2022, manispaa hiyo ilikuwa na wakazi zaidi ya 200,000 tu. Hata hivyo, kwa mji wa kiasi hicho, mchanganyiko wa vyakula unaopatikana ni mkubwa. Sababu yake ni historia. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaja nayo. Wagiriki walilima kahawa kwenye mashamba makubwa. Mwaka 1971 ilifunguliwa hospitali ya KCMC pamoja na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, na wageni wa aina nyingine wakaanza kuingia. Mwaka 2000 kiwanda cha sukari cha TPC kilichukuliwa na wawekezaji kutoka Mauritius. Kila aliyekuja alikuja na tumbo lake, na kila tumbo lina kumbukumbu ya nyumbani.

Ndiyo maana mjini hapa mtu huweza kukuta mkate wa naan, piza, tambi na wali wa kukaanga wa Kichina bila kusafiri hadi Arusha.

Jina la mlangoni si ushahidi

Anayetafuta mgahawa mzuri wa chakula cha kigeni asidanganywe na kibao. Kwa miaka mingi vitabu vya kuongoza watalii viliutaja mgahawa wa El Rancho, eneo la Shanty Town. Jina hilo ni la Kihispania, lakini sifa yake ilikuwa chakula cha Kihindi. Indo-Italiano, katikati ya mji, jina lake linasema kweli: Uhindi na Italia katika jiko moja.

Zipo dalili nne ambazo humsaidia mlaji. Ya kwanza ni kuangalia nani ameketi ndani. Ukiwaona Wahindi wa mjini wamekuja na watoto na bibi zao kula chakula cha Kihindi siku ya Jumapili, huna haja ya kuuliza zaidi. Watu hao wanapika vizuri nyumbani kwao, na hawatoki kwenda kulipia kilicho kibaya.

Dalili ya pili ni urefu wa orodha ya vyakula. Jiko dogo lenye orodha ya vyakula 150 lazima litegemee friza na makopo. Orodha fupi humaanisha mpishi ananunua kila siku na kumaliza kila siku. Ya tatu ni mpishi mwenyewe: je, anaweza kumwambia mteja kwamba leo chakula fulani hakipo kwa sababu mboga yake haikuwa nzuri sokoni? Mpishi wa namna hiyo ni wa kuaminiwa.

Dalili ya nne inamhusu mkulima moja kwa moja. Muulize mhudumu nyanya, maziwa na majani ya giligilani vimetoka wapi. Akijibu bila kusita kwamba vimetoka Mbuyuni, Kwa Sadala au kwa mama fulani wa Uru, chakula hicho kina uhai. Mgahawa unaomjua mkulima wake kwa jina ni nadra kupika kilicholala.

Kilichomo ndani ya sahani

Wakulima wengi hudhani kuwa chakula cha kigeni kinahitaji mazao ya kigeni. Si kweli. Chukua piza. Unga wa ngano, jibini, nyanya na majani ya mrehani ndiyo mahitaji makuu. Ukiacha ngano, vyote vinaweza kutoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme mgahawa mmoja unauza piza 40 kwa siku, na kila piza inatumia gramu 100 za jibini na gramu 150 za nyanya. Hiyo ni kilo 4 za jibini na kilo 6 za nyanya kwa siku. Kilo moja ya jibini huhitaji takribani lita 10 za maziwa. Kwa hiyo mgahawa huo, kwa piza peke yake, unakunywa lita 40 za maziwa kila siku, yaani maziwa ya ng'ombe wanne wanaotoa lita 10 kila mmoja. Kwa mwezi ni lita 1,200 za maziwa na kilo 180 za nyanya.

Maziwa yapo. Mlimani ng'ombe hufugwa ndani, wakiletewa majani na migomba, na uzoefu wa kukusanya maziwa kwa pamoja ni wa muda mrefu. Ushirika wa kina mama wa Nronga, wilayani Hai, ulianza mwaka 1988. Nyanya nazo zipo. Aina ya Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa rasmi mwaka 1997 baada ya kazi ya watafiti wa Tengeru, zina ganda gumu na hustahimili safari.

Jiko la Kihindi linataka dengu, mbaazi, bamia, giligilani, tangawizi na samli. Tangawizi inalimwa Mamba Myamba, wilayani Same, ndani ya mkoa huu huu. Jiko la Kichina linataka kabichi, chainizi, vitunguu, tangawizi na wali. Mpunga uko chini ya mlima, katika skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi iliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, na mbegu ya SARO 5, iliyotolewa mwaka 2002, inanukia. Parachichi aina ya Hass zinalimwa Siha kwa ajili ya soko la nje tangu kampuni ya Africado ianze kazi mwaka 2007.

Kahawa ndiyo isiyohitaji maelezo. Wachaga walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa tangu mwaka 1925, kilichozaa KNCU mwaka 1933. Lakini kwa miongo mingi kahawa hiyo ilikwenda kunywewa Ulaya, huku hoteli za nyumbani zikimpa mgeni kahawa ya unga ya kwenye kopo. KNCU ilipofungua mkahawa wake mjini, Union Café, ilionyesha jambo ambalo lingepaswa kuonekana mapema zaidi: kikombe kimoja kilichokaangwa na kuuzwa hapa kinabakisha kijijini fedha ambayo gunia la kahawa mbichi haliwezi.

Mali kauli na bei ya kusubiri

Kama mazao yapo na majiko yapo, kikwazo kiko wapi? Kwanza ni malipo. Migahawa mingi hununua kwa mali kauli: leta leo, utalipwa mwisho wa mwezi. Mkulima husikia bei nzuri na kukubali bila kupiga hesabu ya kusubiri.

Tuseme mama mmoja anapeleka kilo 20 za nyanya kila siku kwa Sh1,000 kwa kilo. Kwa siku 30 anadai Sh600,000. Wakati huo huo anahitaji dawa ya ukungu, vibarua na ada ya shule. Akikopa kiasi hicho kwenye kikundi chake kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, atalipa Sh60,000 juu yake. Anabakiwa na Sh540,000. Kwa maneno mengine, Sh1,000 ya mkopo ni sawa na Sh900 taslimu. Dalali wa Mbuyuni anayempa Sh920 mkononi ni mteja bora kuliko mgahawa wenye vitambaa vyeupe mezani, japokuwa kwa macho inaonekana kinyume chake.

Kikwazo cha pili ni karatasi. Tangu mashine za kutolea risiti za EFD zianze kutumika nchini mwaka 2010, mfanyabiashara mkubwa anataka manunuzi yenye ushahidi. Mama wa kihamba hana risiti wala namba ya mlipa kodi. Mwenye hoteli anaona ni rahisi kununua duka kubwa la Arusha kuliko kujieleza.

Cha tatu ni utaratibu. Mpishi hataki tenga ambalo juu lina nyanya nzuri na chini zimepondeka. Anataka kilo 6 leo, kilo 6 kesho na kilo 6 keshokutwa, zenye ukubwa unaolingana. Mkulima mmoja mwenye robo eka hawezi kutoa ahadi hiyo mwaka mzima. Wakulima wanane waliopishana tarehe za kupanda wanaweza.

Kalenda ya mlima

Hapa ndipo wengi huteleza. Wapanda mlima huongezeka Januari na Februari, kisha kuanzia Juni hadi Oktoba. Aprili na Mei, mvua za masika zinapoloweka njia, majiko hupoa. Anayetaka kuuza nyanya mwezi Julai lazima awe na kitalu mwezi Machi au Aprili, kwa kuwa tangu kusia hadi kuvuna ni takribani miezi mitatu hadi minne, na baridi ya mlimani huongeza siku. Lakini miezi hiyo ndiyo ya ukungu. Kwa hiyo miche ya Julai inahitaji paa la plastiki, nafasi kubwa kati ya mimea na dawa kwa wakati. Kuanzia Juni mvua zinapokatika, maji ya mfongo yanakuwa mali; kijiji ambacho kimeacha mifereji yake ya asili iharibike hakina cha kuuza msimu wageni wanapojaa.

Aidha, mkulima asiweke matumaini yake yote katika sahani ya mtalii. Mwaka 2020, ugonjwa wa Uviko-19 uliposimamisha ndege, mji unaokula kwa mlima ulilala njaa ya wateja. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, wakulima wa Tanzania waliolima kwa soko hilo moja waliona bei ikiporomoka. Somo ni lile lile: mteja mmoja, hata akiwa mzuri kiasi gani, ni hatari.

Nini kifanyike

Mwaka 2002 serikali ya Thailand ilianzisha mpango wa kuongeza migahawa ya Kithai duniani hadi kufikia 8,000. Lengo halikuwa sifa tu. Kila mgahawa uliofunguliwa ughaibuni ulikuwa duka la mchele, viungo na michuzi ya Kithai. Wathai walielewa kwamba mgahawa ni mlango wa shamba.

Moshi haihitaji kwenda mbali. Wageni wanakuja wenyewe. Kinachohitajika ni vikundi vya wakulima kujisajili, kupata namba ya mlipa kodi, na kuwa na mtu mmoja anayepokea oda kwa simu na kugawa zamu. Mkataba uandikwe, hata kwa ukurasa mmoja: kiasi, ubora, bei, na malipo yasiyozidi siku saba. Chama cha wakulima wa mboga, matunda na maua cha TAHA, kilichoanzishwa mwaka 2004 na chenye makao yake Arusha, kina uzoefu wa kuunganisha wakulima na masoko.

Wenye migahawa nao wana la kufanya. Mpishi anayemwambia mkulima mwezi Machi atahitaji nini mwezi Julai hatahangaika kutafuta mboga wakati meza zimejaa. Na kando ya piza na naan, hakuna ubaya kuweka mtori uliopikwa vizuri. Mgeni aliyepita katikati ya migomba akielekea lango la Machame au Marangu atapenda kuujua utamu wake.

Kijana wa bodaboda wa Soweto ataendelea kuulizwa swali lile kila jioni. Siku atakapoweza kujibu, "Twende pale, nyanya zao zinatoka shambani kwa mama yangu," mgeni atakula vizuri na fedha itapanda mlimani. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi kwa kusubiri mgeni peke yake. Anapona akiwa amepanda kwa wakati na amelipwa kwa wakati.